Kuanza kazi ya sauti na muziki wa tamthilia: ingia kwa bumu

Vijana wengi wanaouliza namna ya kuingia kwenye tamthilia huanza na muziki. Mtu ana biti zake kwenye kompyuta na anataka wimbo wake usikike majina ya waigizaji yanapopita. Jibu langu huwa moja: anza na bumu, ule mti mrefu wenye maiki unaoshikwa juu ya waigizaji. Wimbo wa utambulisho hutungwa mara moja kwa msimu, na mara nyingi prodyuza ana mtu wake kichwani kabla hata eskripti haijakamilika. Mazungumzo, kwa upande mwingine, yanarekodiwa kila siku ya upigaji picha, na tamthilia inayoruka Jumatatu hadi Ijumaa inameza vipande vitano kwa wiki. Mtu anayeweza kurudi jioni na mazungumzo safi anatafutwa. Akishafahamika kwa hilo, akisema "nina muziki pia" atasikilizwa.

Mwongozo huu nimeuandika nikiwa na Dar es Salaam akilini, kwa sababu ndiko tamthilia nyingi za Maisha Magic Bongo na Sinema Zetu zinakotengenezwa. Aliyeko Nairobi au Mombasa atabadilisha majina ya ofisi na mitaa. Mengine yote ni yale yale.

1. Jua kazi zenyewe kabla ya kusema unaitaka ipi

Kwenye seti kuna mrekodi sauti, anayekaa na rekoda na hedifoni, na kuna mshika bumu, anayesimama na maiki juu ya waigizaji. Kwa bajeti zetu hao wawili mara nyingi ni mtu mmoja mwenye mikono iliyochoka. Baada ya picha kupigwa anakuja mhariri wa mazungumzo, kisha anayetengeneza sauti za vitendo na mazingira, kisha mchanganyaji anayeweka kila kitu pamoja. Mtunzi wa muziki yuko pembeni, anaingia kipande kikiwa kimeshakatwa.

Mlango mwingine watu huusahau: kutia sauti tamthilia za nje. Mwaka 2011 TBC ilionyesha tamthilia ya Kichina iliyotiwa sauti za Kiswahili, na tangu hapo StarTimes kwa za Kichina na Azam kwa za Kituruki wameendelea kuwapa kazi wenye sauti na mafundi wa kurekodi. Kazi hiyo ni ya ndani, kwenye chumba kimya, haina jua wala bodaboda. Kwa anayeanza ni shule nzuri ya kuhariri mazungumzo kwa kasi.

2. Zoeza masikio, bado usinunue kitu

Chukua kipande kimoja cha tamthilia unayoijua. Geuza skrini ukutani. Sikiliza dakika tano za kwanza na uandike kila sauti na muda wake: hapa wanazungumza, hapa kuna feni, hapa muziki umeingia, hapa mazingira yamekatika ghafla wakati kamera ilipohamia kwa mtu mwingine. Hilo la mwisho ukishalisikia mara moja, utalisikia kila mahali. Maana yake ni kwamba mhariri hakuwa na rekodi ya chumba kikiwa kimya ya kujazia.

Halafu rekodi jikoni kwenu kwa simu dakika moja bila kusema neno, usikilize kwa hedifoni. Utakuta friji, tangi la maji la jirani, mlango wa geti, na kunguru. Huyu kunguru wa Kihindi aliletwa Zanzibar miaka ya 1890, akavuka hadi bara, na leo ndiye adui namba moja wa mrekodi sauti wa Dar. Hafukuziki. Unachoweza ni kujua saa anazopiga kelele zaidi, hasa alfajiri, na kupanga mazungumzo ya nje nyakati nyingine.

3. Vifaa, kwa mpangilio huu

Hedifoni kwanza, zinazofunika sikio lote. Sony MDR-7506 utazikuta kwenye seti nyingi duniani kwa sababu hazikupambi sauti: kasoro zinaonekana. Earphone za simu zinaongeza besi na kukuficha makosa.

Pili, rekoda yenye matundu ya XLR, yale ya nyaya za maiki za kitaalamu, kama Zoom H5. Zoom F3 inarekodi kwa biti 32 za desimali, hivyo muigizaji akipiga ukelele ghafla sauti haipasuki. Inasaidia ukiwa peke yako na mikono yote miwili imeshika bumu. Tatu, maiki ya bumu. Rode NTG2 na Sennheiser MKE 600 zimewatosha wengi. Nne ndiyo maiki za kubana nguoni, zisizo na waya. Nyingi za bei nafuu hutumia masafa ya gigahezi 2.4, yale yale ya Wi-Fi, kwa hiyo omba ruta ya nyumba izimwe kabla ya kuanza.

Mti wa bumu ukikushinda bei, ule wa alumini wa mafundi rangi unafanya kazi, ilimradi usigonge. Manyoya ya kuzuia upepo ni lazima kwa yeyote atakayefanya kazi Kigamboni au Bagamoyo. Nyaya nunua mbili, na uzijaribu dukani ukizikunja na kuzinyoosha: Kariakoo kuna kila kitu, pamoja na nakala ya kila kitu. Na kabla ya kununua chochote kikubwa, ulizia kukodi kwa siku. Waliotangulia wengi hukodisha.

Kwenye kompyuta huhitaji kutumia fedha mwanzoni. DaVinci Resolve ina toleo la bure lenye ukurasa mzima wa sauti, na Reaper inakupa siku 60 za kujaribu kabla ya kukuomba dola 60 za leseni ya mtu binafsi. Programu za wizi zitakuletea virusi kwenye diski yenye kazi ya mtu mwingine. Hazistahili aibu hiyo.

4. Tafuta mtu wa sauti, si dairekta

Dairekta anapokea meseji nyingi za wanaotaka kuigiza. Anayeamua nani ashike bumu ni mtu wa sauti, na yeye hapokei meseji nyingi. Soma majina mwishoni mwa kipindi, mtafute, umwandikie kwa ufupi na kwa adabu:

"Shikamoo kaka. Naitwa fulani, naishi Tabata, najifunza sauti ya lokesheni. Nina hedifoni na nyaya zangu. Ikitokea siku unahitaji mtu wa kushika bumu au kuvuta nyaya, nafika hata saa kumi na moja alfajiri. Nimekuwekea hapa dakika mbili za mazungumzo nilizosafisha, kabla na baada."

Hiyo "kabla na baada" ndiyo wasifu wako. Itengeneze kwa filamu fupi za wanafunzi: chuo cha sanaa cha TaSUBa Bagamoyo, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au Taasisi ya Mawasiliano ya Umma ya Kenya kule Nairobi. Wana kamera, wana hamu, na mtu wa sauti ndiye wanayemkosa daima. Kwa upande wa muziki, Dhow Countries Music Academy ya Zanzibar inafundisha ala za nyuzi za udi na kanuni, na mtunzi anayejua kuandikia ala hizo ana kitu ambacho kompyuta ya jirani yake haina.

Kuhusu kufanya kazi bure: siku chache za kujifunza, sawa, nauli na chakula vikiwa juu yao. Msimu mzima bure hayo si mafunzo. Ni kibarua kisicholipwa, na anayekupa leo kwa ahadi ya "msimu ujao" msimu ujao atamleta mwingine wa bure.

5. Siku ya seti

Fika kabla ya watu wa taa. Simama katikati ya sebule, funga macho, sikiliza nyumba. Kisha anza kuizima.

Friji inazimwa. Shida yake ni kwamba saa mbili usiku kila mtu amechoka na hakuna anayekumbuka kuiwasha, na mwenye nyumba ana samaki wa biashara ndani. Dawa yake inajulikana na watu wa sauti kila mahali: weka funguo zako za gari au za nyumbani ndani ya friji. Huwezi kuondoka bila kulifungua. Feni inazimwa pia, na hapo utalaumiwa kwa joto. Zoea. Jenereta ipelekwe mbali kadiri waya unavyofika, nyuma ya ukuta au nyuma ya gari, mdomo wa moshi ukielekea upande wa pili.

Nenda kwa majirani mwenyewe, pamoja na mtu wa lokesheni, kabla hawajaudhika. Fundi wa kuchomelea na saluni yenye redio wakiombwa vizuri asubuhi watakusikiliza mchana. Wakiamriwa mchana watapandisha sauti.

Adhana hairekodiwi juu yake wala haiombwi isubiri. Andika nyakati za swala za siku hiyo kwenye karatasi ya ratiba na umpe msaidizi wa dairekta. Ugomvi mkubwa huwa magharibi. Dar jua huzama kati ya saa kumi na mbili na robo na karibu saa moja kasoro dakika kumi, kutegemea mwezi, na hiyo ndiyo nuru ya dhahabu ambayo kila mpiga picha anaililia. Mwambie mapema: onyesho la machweo liwe lisilo na maneno, au mazungumzo yake yarekodiwe mapema, na jua likishuka tupige picha za mbali tu.

Nyumba zetu za kisasa zina vigae sakafuni na kuta tupu, kwa hiyo sauti inarudi kama mko kisimani. Maiki ndefu ya bumu, iliyo nzuri sana nje, ndani ya chumba kama hicho inaokota mwangwi. Tandika mablanketi pale kamera haioni, simamisha godoro nyuma ya kamera, sogeza bumu karibu hadi mpiga picha akupigie kelele, kisha rudi nyuma kidogo. Maiki ije kutoka juu, ielekee kifuani na mdomoni, si usoni kwa mbele. Rekodi kwa kilohezi 48 na biti 24, sauti ya kawaida ikicheza karibu na desibeli −20 na vilele visizidi −12, ili kilio kiwe na pa kwenda.

Maiki za nguoni zina kesi yao na kanga. Doti mpya ina wanga, na wanga unakwaruza: kila muigizaji akivuta pumzi utasikia kama mtu anakunja karatasi. Mwombe mtu wa mavazi afue kanga za wahusika wakuu mara mbili kabla ya siku ya kwanza. Ni ombi la dakika moja litakalokuokoa msimu mzima. Kwa anayevaa ushungi, usiifukie maiki chini ya matabaka. Ikae karibu na ukingo, imeshikwa kwa plasta laini pande zote mbili ili kitambaa kisiisugue, na waya uachiwe kitanzi kidogo. Anayeivalisha maiki kwa muigizaji wa kike awe mwanamke, au muigizaji aelekezwe ajivalishe mwenyewe. Hili waulize kabla, usingoje watu waone haya.

Ukisikia kasoro, sema palepale, kwa utulivu, na ukiwa na suluhisho: "Dairekta, bodaboda imepita kwenye sentensi ya pili, naomba tena hiyo moja tu." Watakujibu kwamba itarekebishwa mbele ya safari. Wakati mwingine ni kweli. Bodaboda juu ya neno haitoki. Mvua juu ya bati haitoki. Usibishane kwa muda mrefu. Iandike kwenye ripoti, na watu wakienda kula mwite muigizaji pembeni arudie hizo sentensi mbili bila kamera, kwa kasi ile ile.

Kabla ya kuhama kila chumba omba kila mtu asimame kimya kwa sekunde 45, urekodi chumba. Watakunung'unikia kila mara. Rekodi tu. Jioni nakili faili kwenye diski mbili, zipewe namba za onyesho na za mara lilipopigwa, na usifute kadi hadi mhariri akuthibitishie kwamba amezifungua.

6. Mezani

Mpangilio wangu haubadiliki: mazungumzo, mazingira, vitendo, muziki. Kata masafa ya chini ya hezi 80 kwenye sauti za watu, sawazisha viwango mstari kwa mstari kwa mkono, kisha ndipo uguse programu ya kuondoa kelele, kidogo. Ukiondoa kelele yote, mama mkwe atazungumza kama roboti aliye chini ya maji, na mtazamaji angeivumilia feni kuliko hiyo.

Maktaba za sauti za intaneti zinajaa milango ya Marekani na ving'ora vya New York. Tengeneza yako. Geti la bati likiburuzwa, konda akipiga ubavu wa daladala, kinu, mbuzi ya nazi, kandambili kwenye sakafu iliyolowa, honi ya kivuko cha Kigamboni, sebule yenye watu watatu wanaotazama mpira. Rekodi kila unapokwenda, andika mahali na saa. Maktaba ya namna hii baada ya muda inakuwa sababu ya kuitwa wewe, kwa sababu hakuna duka inakouzwa.

Kipimo cha mwisho cha ukubwa wa sauti, kinachoandikwa kwa LUFS, muulize mteja kwa maandishi. Vituo vinavyofuata kanuni ya Ulaya ya R128 vinataka wastani wa LUFS −23 na vilele visivyozidi −1. YouTube huishusha sauti inayozidi takriban −14. Ukipeleka mchanganyiko wa YouTube kwenye kituo cha runinga unaweza kurudishiwa. Na usiamini spika za studio peke yake: cheza kipande kwenye runinga ya kawaida ya sebuleni, feni ikiwa imewashwa, mtu akikaanga jikoni. Kama neno linapotea hapo, limepotea.

7. Sasa muziki

Kaa na dairekta mtazame kipande kilichokatwa, muamue muziki uingie wapi na utoke wapi. Kosa la tamthilia zetu ni moja: muziki hautoki. Unaanza na onyesho la kwanza na kuburuzika hadi la mwisho, kwa hiyo siri inapofichuka hakuna kilichobaki cha kuongeza. Pigania kimya. Binti akisikia kwamba mchumba wake ni ndugu yake, sekunde tatu za saa ya ukutani zinauma kuliko fidla ishirini za kompyuta.

Maana ya maneno inakaa zaidi kati ya hezi 1,000 na 4,000. Zumari na fidla vinakaa hapo hapo, vitagombana na mazungumzo. Chini ya maneno weka ala za chini au noti ndefu. Kanuni na zumari zingojee watu wanyamaze.

Tamthilia ya kila siku haikupi muda wa kutunga upya kila kipande, kwa hiyo tunga benki ya muziki. Kwa msimu wa kwanza vipande 30 hivi vya muziki vinatosha kuanzia: hofu, mahaba, umbea, msiba, hila, kicheko, kila kimoja kwa urefu wa sekunde 15, dakika moja na dakika mbili. Vingi viwe kwenye funguo za muziki mbili au tatu zinazoelewana ili mhariri aunganishe bila kuumiza sikio. Toa kila kipande pia kikiwa kimetenganishwa: ngoma peke yake, besi peke yake, melodi peke yake. Mhariri atakupenda, na atakuita kabla hajafungua maktaba ya bure.

8. Karatasi

Tanzania Bara ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999. Utunzi unalindwa maisha ya mtunzi na miaka 50 baada yake, na rekodi ina haki zake tofauti na utunzi. Ukipewa ruhusa ya wimbo na mtunzi peke yake, bado mwenye rekodi hajakuruhusu. Sheria hiyo inagusa hata ngoma na nyimbo za jadi zinapotumiwa kibiashara, kwa hiyo "huu ni wimbo wa kijijini kwetu" si kibali. Sajili kazi zako COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Kenya nenda KECOBO, ofisi ya aina hiyo ya kule.

Kwenye mkataba soma mstari unaosema haki zinakwenda wapi. Kuuza kila kitu moja kwa moja na kutoa leseni ya matumizi ni bei mbili tofauti. Kama wanataka haki zote, na kazi iruke kwenye chaneli nyingine na kwenye programu za simu milele, sema bei ya kwanza haikuhesabu hayo. Dai jina lako mwishoni mwa kipindi, liandikwe kwenye mkataba na si kwa mdomo. Jaza orodha ya muziki ya kila kipande: jina la kazi, mtunzi, ulipoingia, ulipotoka, umetumika kama wimbo wa utambulisho au chini ya maneno. Bila orodha hiyo hakuna anayejua kwamba muziki wako ulirushwa, na asiyejua hawezi kukulipa mrabaha.

Omba nusu ya malipo kabla ya kuanza. Iliyobaki igawanywe kwa makundi ya vipande, siyo "msimu ukiisha", maana msimu unaweza kukatishwa katikati na wewe huna habari. Mteja asikilize kazi yenye alama ya sauti juu yake. Faili safi ziende malipo ya kundi hilo yakishaingia. Ankara itume siku ile ile unayokabidhi, kwa mhasibu, nakala kwa prodyuza, ikiwa na namba ya mkataba na namba za vipande.